Kambi Isiyo na Posho

Semina ya Dar es Salaam huipimi kwa mada zake. Unaipima kwa karatasi ya kusaini. Nimeandaa semina za kila aina tangu nimalize chuo, za maji, za chanjo, za hakimiliki, na mpangilio ni ule ule: mgeni rasmi anachelewa, meza kuu ina maua ya plastiki na chupa za maji zilizogeuzwa lebo zielekee kamera, chai saa nne, chakula saa saba, kisha karatasi inazunguka. Jina, taasisi, kiasi, sahihi. Ikichelewa kuzunguka, watu wanaanza kukohoa. Kwa hiyo nilipoingizwa kwenye kamati ya maandalizi ya WordCamp ya hapa mjini, mkutano, au kambi kama unavyoitwa, wa watumiaji wa programu ya tovuti ya WordPress, nikaletewa kanuni zake nizisome, niliwaambia wenzangu kwamba waliozitunga hawajawahi kufika Kinondoni. Mtoa mada halipwi, na nauli ni juu yake. Mwandaaji halipwi. Mhudhuriaji ndiye anayetoa hela, tena kidogo. Mgeni rasmi hatajwi popote.

Vijana wengi wanaokuja kwenye kambi hizi wanadhani kanuni hizo zimetungwa na shirika la wafadhili lenye ubahili. Sivyo. Zimetokana na ugomvi wa bei ulioanza zaidi ya miaka 20 iliyopita, na mimi naona huwezi kuiandaa kambi vizuri kama huujui ugomvi huo.

Tuanze na Michel Valdrighi, Mfaransa aliyeandika programu ya kuendeshea blogu mwaka 2001 na kuiita b2. Ilipata wapenzi, kisha mwenyewe akaadimika mtandaoni, marekebisho yakasimama. Januari 2003 Matt Mullenweg, kijana wa miaka 19 kutoka Houston, mpiga saksofoni, alilalamika kwenye blogu yake kwamba programu anayoitegemea imekosa mtu wa kuiangalia. Mike Little, wa Stockport kule Uingereza, akamjibu kwamba kama ana nia ya kweli atamsaidia. Hawakuwa wamewahi kuonana. Lakini b2 ilitolewa kwa leseni ya GPL, inayompa yeyote ruhusa ya kuichukua programu, kuibadilisha na kuigawa upya, ilimradi naye asimfungie mwingine mlango. Wakaichukua. Mei 27, 2003 wakatoa toleo la kwanza la WordPress.

Wakati huo mkubwa wa soko alikuwa Movable Type, ya kampuni ya Six Apart. Mei 2004 Six Apart walitoa toleo la 3.0 likiwa na viwango vipya vya malipo: mwenye blogu kadhaa au waandishi kadhaa alipaswa kununua leseni. Watu waliozoea kuitumia bila gharama walipandwa na hasira. Mwandishi wa programu Mark Pilgrim alipiga hesabu akakuta kuboresha blogu zake kungemgharimu dola 535. Akahamia WordPress, na zile dola 535 akawapa watengenezaji wake kama mchango. Wengi wakafuata njia ya kuhama, ingawa si wengi walioacha dola 535 mlangoni. Naupenda mfano wa Pilgrim kwa sababu hakukataa kutoa pesa. Alikataa kutozwa.

Mwaka uliofuata ukaja ugomvi wa pili, huu wa mialiko. Tim O'Reilly, mchapishaji wa vitabu vya kompyuta, alikuwa na mkutano wake wa kila mwaka huko Sebastopol, California, ulioitwa Foo Camp. Watu walilala kwenye mahema, ratiba ilipangwa pale pale, na ilisemekana mazungumzo yalikuwa matamu. Tatizo ni kwamba uliingia kwa kualikwa tu. Agosti 2005 kikundi cha vijana wa eneo hilo, Mullenweg akiwa mmoja wao, waliamua kufanya wa kwao ambao hauna mwaliko. Kwa muda usiofika wiki moja walipata ofisi za kampuni ya Socialtext mjini Palo Alto, wakatangaza, na watu kama 200 wakaja. Wakauita BarCamp. Hapakuwa na watazamaji: ukija unatoa mada au unabeba viti.

Agosti 5, 2006, siku ya Jumamosi, Mullenweg aliwaita watumiaji wa WordPress katika Swedish American Hall, jengo la zamani lililopo Market Street, San Francisco. Hiyo ndiyo WordCamp ya kwanza. Jina lilifuata lile la BarCamp, ila ratiba ilikuwa na mpangilio zaidi, kwa kuwa wengi waliokuja hawakuwa mafundi. Walikuwa watu wanaoandika: mapishi, siasa, watoto wao. Jambo lililobaki hadi leo ni kwamba aliyeandika programu na anayeitumia kuandikia habari za paka wake walikaa kwenye viti vya aina moja na kupanga foleni moja ya chakula.

Halafu desturi ikasafiri haraka kuliko kanuni zake. Mwaka 2007 ilifika Beijing. Mwaka 2008 ikafika Cape Town, na hapo Afrika ikaingia. Kila mji ulifanya unavyojua, na jina likawa mali ya kila mwenye ukumbi. Ilipofika 2010 kampuni ya Mullenweg, Automattic, ilikabidhi alama ya biashara ya WordPress kwa taasisi isiyo ya faida, WordPress Foundation, na kuanzia hapo kutumia jina la WordCamp kukawa na masharti. Kiingilio kisizidi dola 20 kwa siku, hicho ndicho kilichokuwa kiwango kwa miaka mingi. Watoa mada na waandaaji wasilipwe. Wadhamini wanaouza plagini au themu waziuze kwa leseni ile ile ya GPL. Na mji hauruhusiwi kuandaa kambi mpaka uwe na kikundi kinachokutana mara kwa mara bila kambi, kila mwezi, hata kama ni watu wanane na kompyuta mbili.

Sharti hilo la mwisho ndilo bora kuliko yote, na ndilo linalochukiwa zaidi. Kila mtu anataka kambi. Hakuna anayetaka Jumamosi ya mvua ya masika ambapo wamekuja watu sita na mmoja wao kaingia kukwepa mvua. Sisi tulikutana kwa muda mrefu kabla ya kuthubutu kuomba, mara kwenye kumbi za kukutania wabunifu maeneo ya Sayansi, Kijitonyama, mara nyumbani kwa mtu.

Hapa kwetu blogu zilikuja kwanza, WordPress ikafuata baadaye sana. Ndesanjo Macha alianza kuandika blogu ya Jikomboe kwa Kiswahili mwaka 2004, akihimiza kila Mtanzania aliyekutana naye afungue ya kwake. Mmoja wa walioambukizwa alikuwa mpigapicha Issa Michuzi, aliyefungua blogu yake Septemba 2005 akiwa Helsinki, Finland, kwenye mkutano, Ndesanjo akiwa pembeni akimwelekeza. Michuzi hakutumia WordPress. Alitumia Blogspot, na nchi nzima ikamfuata huko. Sababu zake zinaeleweka. Blogspot haikutaka seva, haikutaka kadi ya benki ya kulipia nje, ilitaka barua pepe tu. Nakumbuka vibanda vya intaneti vya Posta na Kariakoo, kompyuta zenye kibodi zilizofutika herufi, mwenye duka akikuchungulia mgongoni dakika zako zikikaribia kwisha. Huko nani angepakua mafaili ya programu na kuyapandisha kwenye seva? Intaneti yetu ilipita angani kwa setilaiti. Waya wa baharini wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, na hata baada ya hapo ilichukua miaka bei ya bando kushuka kiasi cha mwanafunzi kumudu.

Watu walipoanza kununua majina ya .co.tz na kutaka tovuti zinazoonekana za kiofisi, ndipo WordPress ilipoingia: magazeti, mahoteli ya Arusha, makanisa, vyuo. Nairobi na Kampala nao wakaandaa kambi zao, na Waganda, niseme ukweli, wametupita. Sisi tulipata pigo letu mwaka 2018. Kanuni mpya za serikali za maudhui ya mtandaoni zilimtaka mwenye blogu awe na leseni, na gharama zake kwa jumla zilipita shilingi milioni mbili. Kuna waliofunga blogu zao mwezi Juni mwaka ule hawakuzifungua tena. Kwenye kikundi chetu mada zikabadilika: kabla ya hapo tulizungumzia namna ya kuandika, baada ya hapo tukazungumzia namna ya kuuza viatu mtandaoni. Sisemi kuuza viatu ni vibaya. Ila waliokuwa wakibishana kuhusu Katiba walihama, na tuliobaki tulikuwa wenye maduka.

Sasa nirudi kwenye kamati. Kanuni za San Francisco zilitufikia kwa Kiingereza, ndefu, na kikao cha kwanza kilitumia saa mbili kuzishangaa. Aliyetutoa hapo ni mama mmoja wa Tabata, mwenye duka la vitenge, aliyekuwa mjumbe kwa sababu tovuti yake alijitengenezea mwenyewe. Alisikiliza, akauliza, "Kwani tofauti na harusi ni nini?"

Tukacheka, halafu tukanyamaza, kwa sababu alikuwa amemaliza kikao. Kila mmoja pale alikuwa ameshakaa kwenye kamati ya harusi. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Wajumbe hawalipwi, bali wanachanga. Mgeni haji bila kadi, na kadi ina bei yake, singo au dabo. MC anaweza kulipwa, lakini anayetoa nasaha halipwi. Mtu wa kwanza kuuliza posho kwenye harusi ya mpwawe hajazaliwa. Karatasi ya kusaini ndiyo mgeni hapa, imekuja na miradi. Kuchangishana kukutana ni kwetu siku zote. Tangu siku hiyo hatukusema tena "kanuni za Wamarekani". Tulifungua kundi la WhatsApp, tukaandika ahadi na tarehe za kulipa, na mama wa Tabata akawa mweka hazina, cheo alichokishika kwa mkono wa chuma.

Kiingilio cha dola 20 kilikuwa karibu shilingi 46,000 kwa viwango vya siku hizo. Tukaweka 10,000, na 5,000 kwa mwanafunzi. Kuna waliotaka iwe bure. Nilipinga, na napinga mpaka leo: kitu cha bure mjini hapa kinajaza orodha ya majina na kuacha viti vitupu, na wewe umeshapikia majina. Shilingi elfu tano haimfilisi mtu lakini inamwamsha Jumamosi asubuhi.

Ukumbi tulioupata mwanzo tuliupoteza. Mwenye nao alipoona bango letu lina maneno ya Kiingereza akasema huu ni mkutano wa kimataifa, na bei ya kimataifa ni nyingine. Tukahamia darasa la mafunzo lenye feni tatu, mbili zikifanya kazi.

Chakula ndicho kilichonifundisha namna desturi inavyokwaruzana na mahali. Fedha za kambi hazikai mfukoni mwa kamati; zinapitia ofisi kuu ya kambi hizi, ambayo hulipa baada ya kuona ankara. Hoteli inakuandikia ankara kwa dakika tano, na inakutoza sahani moja kwa bei ya sahani nne. Sisi tulimtaka mama anayepika maeneo ya Mwananyamala, ambaye pilau yake haina mshindani, ila hana ankara, hana mashine ya risiti za EFD, hana akaunti ya benki. Ana namba ya simu ya kutumiwa pesa na daftari. Nilikaa naye jikoni, sufuria la mchele likichemka, nikimsaidia kuandika: pilau ya nyama, kachumbari, ndizi mbivu, maji. Alipofika kwenye jumla alisita.

"Dada, hawa watu wako wapi?"

"Marekani, mama."

"Na pilau inaliwa hapa?"

"Inaliwa hapa."

"Basi andika ya hapa," akasema, akakataa kuongeza hata senti. Nilikuwa nimemshauri aongeze kidogo kwa ajili ya usumbufu. Tuliipiga picha karatasi ile, tukaituma pamoja na maelezo marefu, na ofisi kuu, kwa sifa yao, baada ya maswali mengi ilikubali kumrudishia mjumbe mmoja aliyekuwa amemlipa kwa simu.

Siku yenyewe nilikaa mezani pa kupokelea wageni. Akaja mzee mmoja, mwalimu mstaafu kutoka Muheza, suti ya kaunda, mfukoni kalamu mbili.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Nasaini wapi?"

"Hapa hakuna kusaini, mzee. Nakutafuta tu kwenye orodha nikupe beji."

Akatazama beji, akatazama nyuma yangu kama karatasi imefichwa huko. "Na ile nyingine inatoka saa ngapi?"

Nikamweleza. Nilimweleza kwa heshima zote, nikijua amepanda basi alfajiri. Hakukasirika. Aliuliza kama watoa mada nao hawapewi. Nikamwambia hawapewi, na yule aliyevaa fulana ya kijani ametoka Mwanza kwa nauli yake. Mzee akafikiri kidogo, akasema, "Basi huyo ana jambo la kusema," akaingia akaketi mstari wa mbele.

Mchana umeme ulikatika, tukasubiri jenereta, na wakati wa kusubiri ndio uliokuwa na faida kuliko mada mbili za asubuhi. Kambi hizi zina meza ya msaada, ambako mtu yeyote huleta tatizo lake na anayejua humsaidia bila malipo. Mwalimu alileta kompyuta ya mjukuu wake. Alikuwa na blogu ya historia ya shule za Muheza na Amani, makala ndefu za miaka mingi, zote zimeandikwa kwenye ukurasa mmoja, moja chini ya nyingine, kwa kuwa hakuna aliyemwonyesha kwamba kila makala inaweza kuwa na ukurasa wake. Kijana wa chuo, asiyefika miaka 20, alikaa naye kwa betri zilizobaki wakizitenganisha. Tatizo la msimbo lilikuwa dogo sana. Muda mwingi ulikwenda kwa sababu kijana alikuwa anazisoma.

Sitaki kuipamba desturi hii kupita kiasi. Ina mwenye nayo. Septemba 2024, kwenye kambi ya Marekani iliyofanyika Portland, Mullenweg alipanda jukwaani kuishambulia WP Engine, kampuni kubwa ya kuhifadhi tovuti iliyokuwa mdhamini wa kambi ile ile, akidai inavuna bila kurudisha. Wiki chache baadaye walikuwa mahakamani, na alama ya biashara ikiwa katikati ya kesi. Hapa kwetu wanakikundi waliuliza swali la haki kabisa: kama jina linaweza kugeuzwa rungu huko, sisi tunaojitolea bure tunalijengea nani? Wawili walijitoa. Mimi nimebaki, kwa sababu leseni ya GPL haimtegemei Mullenweg, na b2 ilishathibitisha mwaka 2003 kwamba mwenye programu akitoweka au akikosana na watu, kazi inaweza kuchukuliwa na wengine. Lakini waliojitoa siwalaumu.

Hesabu za kambi yetu zilifungwa zikiwa na ziada. Fulana zilikuja kwa bei pungufu na mdhamini mmoja alilipa dakika za mwisho. Kwenye harusi ziada ina njia mbili, wapewe maharusi au kamati ivunje kikao kwa nyama choma, na tayari kuna mjumbe alikuwa ameshataja baa. Kanuni zinasema ziada inabaki kwenye mfuko wa pamoja, iwasaidie waandaaji wa mji mwingine wenye upungufu. Mama wa Tabata alisoma barua pepe hiyo kwa sauti, akaisoma tena, akauliza huo mji mwingine ni upi. Hatukuwa na jibu. Mfuko ni mmoja, miji ni mingi. Akafunga daftari, akachangisha upya kwa wajumbe waliokuwepo, elfu kumi kumi, tukaenda kula nyama kwa hela zetu.